Ukarabati wa paa baada ya dhoruba: upepo waliuweza, maji waliyasahau

Dhoruba ya radi iliyotupiga haikudumu hata nusu saa, lakini iliondoka na mabati kumi na mawili ya upande mmoja wa nyumba, ikang'oa kofia ya paa na kuyaacha maji yatiririke juu ya dari mpaka ikaporomoka. Kampuni niliyoipa kazi ya ukarabati, ambayo sitaitaja jina, ilimaliza kabla ya dhoruba nyingine mbili kupita, kwa hiyo ninaandika nikiwa nimeiona kazi yao ikijaribiwa.

Mafundi walifika siku iliyofuata, na kabla ya kuzungumzia malipo walifunika sehemu iliyo wazi kwa turubai. Msimamizi wao alipanda juu, akanishushia msumari mmoja wa bati. Ulikuwa umenyooka, haukupinda wala kukatika, na mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. "Mzee, upepo haukulivunja paa lako, umelichomoa," aliniambia. Kisha akanieleza, kwa subira ambayo bado ninamshukuru, kwamba upepo unaopita juu ya paa hulivuta kwenda juu, huku ule unaoingia kupitia dirishani au chini ya upenu ukilisukuma kutoka ndani, na kwamba kingo na pembe ndizo huelemewa zaidi. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne.

Kazi yao ilifuata maelezo hayo. Misumari laini iliondolewa yote, hata upande ambao haukuguswa, na mahali pake zikafungwa skrubu zenye mpira, zikisogezwa karibukaribu kwenye kingo. Kila kenchi, yaani fremu inayobeba paa, ilifungwa kwa mkanda wa chuma kwenye linta, boriti inayopita juu ya ukuta, ili nguvu ya upepo ishuke kutoka kwenye bati hadi kwenye papi (mbao zinazofungiwa bati), kenchi, ukuta na hatimaye msingi, kwa kuwa paa huachia pale penye kiungo dhaifu kuliko vyote. Katika dhoruba mbili zilizofuata halikulia hata bati moja.

Kwa upande wa maji siwezi kuwasifu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita 100 za mraba humwaga lita 5,000, na mvua ya radi huweza kuzimwaga katika muda mfupi sana. Pamoja na hayo, walirudisha mfereji mwembamba uleule wa zamani na bomba moja tu la kushushia maji, linalomwagia kwenye pembe ya mlango wa nyuma, mbele ya ua uliosakafiwa usionyonya tone. Katika dhoruba ya pili mfereji ulifurika katikati, maji yakachimba mtaro wa upana wa kiganja chini ya ukuta, na baada ya dakika ishirini hivi yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu ndani ya jiko. Mwanangu alitaka kutoka kwenda kuliondoa gari barabarani, nikamzuia, maana maji ya mafuriko yanayokwenda kasi huweza kumwangusha mtu mzima yakiwa na kina cha sentimita 15 tu.

Nilipowaita, msimamizi alinijibu kwa adabu kwamba maji hayakuwa kwenye mkataba. Ni kweli hayakuwamo. Hata hivyo, aliyeitwa kwa ajili ya dhoruba anapaswa kuuliza maji yatakwenda wapi, kwa sababu mwenye nyumba aliyetoka kupoteza paa huwa macho yake yote yako juu. Walirudi, wakaongeza bomba la pili kwa gharama ya vifaa pekee, na kuelekeza maji upande wa mteremko. Kwa kufunga paa ningewaita tena bila kusita. Nimewaandikia kuomba fomu yao ya ukaguzi iongezwe swali la mifereji na njia ya maji, na wamekubali.