Catan: Uanze na Mbao na Matofali, au Ngano na Madini?

Katika Catan, mchezo wa ubao wa Klaus Teuber uliotoka Ujerumani mwaka 1995, anayefikisha pointi 10 kwanza ameshinda. Kila mchezaji huanza na vijiji viwili, anavyoviweka kando ya vigae vya ubao vinavyotoa kadi za malighafi dadu zikitoa namba zake, na hapo ndipo wengi huharibu.

Mbao na matofali hukupa mwendo. Barabara moja ni mbao 1 na tofali 1. Kijiji huongezewa ngano 1 na kondoo 1. Unawahi nafasi nzuri kabla wenzako hawajakuziba, na barabara tano mfululizo zaweza kukupa pointi 2 za barabara ndefu. Ila vijiji ni vitano tu kwa mchezaji. Kila kimoja ni pointi 1, hivyo hata ukiwa na barabara ndefu, hizo ni pointi 7, na hapo madini hukosi kuyahitaji.

Ngano na madini huanza taratibu mno. Mji, yaani kijiji kilichopandishwa daraja, hula madini 3 na ngano 2, kadi tano, na kuzikusanya ni hatari: dadu zikitoa 7 nawe una kadi nane au zaidi, unatupa nusu. Lakini mji huvuna kadi mbili badala ya moja. Madini 1, ngano 1 na kondoo 1 hununua kadi ya maendeleo, na 14 kati ya 25 ni askari, wa kumfukuza jambazi, kipande kinachozuia kigae kutoa kadi, shambani kwako.

Wachezaji wakiwa wanne, uwanja hubana. Tungechagua madini, mradi vigae vyake vina namba 6 au 8, zinazotoka mara nyingi kwenye dadu, na kijiji cha pili kiguse matofali.