Mji Mkongwe: Ule Paani au Ndani?

Ukiweka nafasi kwenye mgahawa wa kifahari Zanzibar, amua mapema. Meza za paani huwahi kujaa. Juu unapata machweo, maana Mji Mkongwe unatazama magharibi. Fika kabla ya saa 12 jioni. Huku karibu na Ikweta giza huingia upesi, na ukichelewa umelikosa jambo lenyewe. Lakini masika, Machi hadi Mei, mvua hainaga taarifa, na ngazi za nyumba hizi za kale ni kali kwa magoti. Ndani ni tulivu, mnasikilizana. Umekuja na bibi? Kaeni ndani. Wachumba wa Januari, kaskazi ikivuma, pandeni juu.