Uzoefu wangu: sabufa nzuri, duka la hovyo, na amplifaya niliyotaka kubebeshwa

Jamani ngoja nianze na duka kwanza, maana nikianza na spika nitasifia weee halafu hasira itaisha, na hii hasira sitaki iishe kabla sijaiandika.

Ni duka la vifaa vya muziki katikati ya mji hapa Dodoma, jina silitaji. Niliingia kabla ya mvua hizi kuanza, jua linawaka lile letu, niko na mtoto wa dada yangu, yuko form four, nilimchukua anisaidie kubeba tu. Mimi ndiye niliyesalimia. Mimi ndiye niliyeuliza bei. Muuzaji, mtu mzima tu mwenye heshima zake kwa kumtazama, akanipita kwa macho akamwambia mtoto, "Enhe bro, unataka mzigo gani?" Mtoto akamjibu anayenunua ni mama mdogo. Akacheka, akasema sawa, mwambie mama hapa tuna kila kitu.

Mwambie! Nimesimama hapo hapo, mkoba begani, hela ziko ndani ya mkoba.

Toka hapo kila nilichouliza kilijibiwa kwa mtoto, na mtoto mwenyewe anajua besi ni ile inayotikisa vioo vya bajaji, basi.

Sasa nieleze nilichokuwa nakitafuta. Nyumbani Ilazo nina home theater niliyoikusanya taratibu tangu niliporudi Dodoma kikazi, ofisi zilipohamia huku kutoka Dar. Risiva, ile mashine inayogawa sauti kwa spika zote, na spika tano hazina shida, tatizo lilikuwa sabufa, ilikuwa ya inchi 8, sinema ikifika kwenye mlipuko inakoroma, koni, ile sehemu ya spika inayocheza, inatapatapa mpaka unaionea huruma. Kazini kila mtu ana ushauri wake, wengine wanasema risiva yako ndogo hiyo, ongeza amplifaya, wengine wanasema badili sabufa. Mimi nilishajiridhisha kabla sijatoka nyumbani kwamba naenda kununua sabufa, na sababu zangu ni hizi.

Sabufa za home theater nyingi zina amplifaya yake humo humo ndani. Risiva inaipelekea mawimbi madogo tu kwa waya mwembamba wa RCA, nguvu inazitoa yenyewe ukutani. Kwa hiyo unaweza ukapanga amplifaya hapo mpaka zikagusa dari, sabufa haitapata hata wati moja ya ziada. Zitakazofaidika ni hizi spika nyingine. Na zenyewe zitafaidika nini? Ukitoka wati 50 ukaenda 100 unaongeza desibeli 3, yaani sikio linasema mmh, imepanda kidogo. Ili uone kweli sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, maana yake wati mara kumi, hizo 50 ziwe 500. Nani ana hela hiyo, halafu umeme wenyewe huu wa saa mbili usiku mtaani kwetu taa zinafifia mtu akiwasha pasi.

Huku chini kwenye besi mambo ni mengine. Hezi zikiwa chache besi ni ya chini zaidi, na ukitaka kushuka kutoka hezi 40 mpaka 20 kwa sauti ile ile, koni inatakiwa isukume hewa mara nne. Inchi 8 haiwezi, hata uitukane. Inchi 12 ina eneo zaidi ya mara mbili ya inchi 8, hapo ndio unaanza kuongea.

Haya. Namwambia muuzaji nataka sabufa ya inchi 12 yenye amplifaya yake ndani, yeye anamwambia mtoto kwamba mama anatakiwa achukue amplifaya, ile pale, ya wati 8000. Boksi limeandikwa 8000 kweli, kwa maandishi ya dhahabu. Nikaigeuza nisome nyuma kale kalebo kanakoonyesha inakula umeme kiasi gani. Wati 120. Sasa kitu kinachokula wati 120 kitatoa 8000 kutoka wapi, kwa mganga? Nikamuuliza hivyo hivyo.

Akamwambia mtoto, "Mwambie mama asishikeshike vitu."

Nyie. Asishikeshike. Nina watoto wakubwa, nina watu chini yangu ofisini, naambiwa nisishikeshike vitu kupitia kwa mtoto wa form four.

Nikajikaza, nikauliza swali la mwisho la heshima. Risiva yangu nyuma haina matundu ya pri-auti za spika, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya nyingine, ina tundu moja tu la sabufa, sasa hii amplifaya tutaiunga wapi? Akasema fundi wao ataunga tu. Ataunga wapi? Watu wa hivi ndio wale wanachukua waya wa spika unaotoka kwenye risiva wanauchomeka moja kwa moja kwenye mlango mdogo wa amplifaya bila kifaa cha kupunguza nguvu, sauti inachanika, siku nyingine inaunguza, halafu unaambiwa umeme wa TANESCO ndio ulioharibu.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba tuko Dodoma. Mimi ni binti wa Kigogo. Bibi yangu wa Mvumi alikuwa anapiga muheme, na muheme kwetu ni ngoma ya wanawake, wanaibana mapajani wanaipiga mpaka unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Sasa mtu amefungua duka kwenye mji wa Wagogo anaamini mwanamke hajui besi. Tuliijua besi kabla hajazaliwa aliyeleta boksi lake lile la dhahabu.

Mtauliza kwa nini nilinunua pale pale. Kwa sababu nilishazunguka, maduka mengine yote wana zile seti za redio na spika zake mbili, sabufa ya kujitegemea ya inchi 12 ilikuwa pale tu, na nauli ya kwenda Kariakoo nilishaipigia hesabu, na mzigo wenyewe mzito, kwenye treni ya SGR ningehangaika nao. Kwa hiyo nikalipa, laki saba na kitu. Na hapo kwenye kulipa nikaulizwa nataka bei ya risiti au bei ya bila risiti. Ile ya TRA ya ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, kwao ni bango tu, tena liko ukutani nyuma ya kichwa chake mwenyewe! Nikadai risiti, nikapewa kwa kununiwa. Waranti nikaambiwa vya umeme havina, ukishatoka mlangoni umetoka.

Sasa sabufa yenyewe.

Kusema kweli nilitaka iwe mbaya. Nilitaka ife siku ya pili niirudishe nikapige kelele pale dukani mbele ya wateja. Haikufa. Siku ya kwanza niliiweka kwenye kona kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na kona inaongeza besi kweli lakini sebule zetu hizi za tofali na vigae hazimezi kitu, kila noti ikawa mvumo mmoja, vuuu, kama lori limepaki dirishani halijazima injini. Nikafanya ile njia ya kuipandisha sabufa juu ya kochi, pale pale ninapokaa, halafu unapiga muziki wenye besi unatambaa ukutani kote ukisikiliza ni wapi inatoka safi. Watoto walicheka mpaka wakalia, mama anatambaa. Nikapata sehemu, pembeni ya kabati, si kona wala si katikati. Sebule yangu ina mita 5 kwenda ndani, na chumba cha mita 5 kinavimba kwenye hezi 34 hivi, yaani besi ya hapo inajirundika, kwa hiyo ukikaa vibaya hata sabufa ya milioni tano itakuvumia. Hili hakuna duka litakwambia, kwa sababu kusogeza spika hakuna faida kwao.

Halafu nikaingia kwenye menyu ya risiva, spika zote nikaziandikisha kuwa ndogo, krosova, ule mpaka ambao sauti za chini yake zinapelekwa kwa sabufa, nikaiweka hezi 80. Hapa ndipo mjadala wa amplifaya kwangu ulipokufa. Ile besi nzito ndiyo iliyokuwa inamaliza nguvu za risiva, sasa imehamia kwa sabufa, risiva imepumua, maongezi yamekuwa safi, naongeza sauti mpaka pale ambapo zamani ingeanza kuchanika na haichaniki. Amplifaya sijanunua. Mlipuko ukija sasa hivi mapazia yanajua. Mpangaji wa uani amekuja kuuliza kama kuna tetemeko, nikampa soda yaishe.

Kwa hiyo sabufa nyota tano? Ngoja kwanza.

Baada ya muda ikaanza kuunguruma hata kama hakuna kinachochezwa, mngurumo wa chini, mmmmm, usiku kucha. Nikapiga simu dukani. Akapokea yule yule. Nikaeleza vizuri, nikasema naona ni mambo ya ethi, ule waya wa kwenda ardhini, nataka kujua kama wengine wamelalamika. Akanyamaza kidogo akasema, "Mama, mpe simu baba tuongee."

Nilikata.

Nyota zote nilizokuwa nimepanga kuwapa zilikufa hapo. Nikakaa chini mwenyewe, nikachomoa waya mmoja mmoja, nilipochomoa ule wa dishi kwenye king'amuzi mngurumo ukakata pap. Dishi lina njia yake ya ethi, sabufa ina yake, vinagombana kupitia kwenye waya. Nikahamishia king'amuzi, risiva na sabufa vyote kwenye ekstensheni moja, umepungua mpaka lazima uweke sikio kwenye koni ndio uusikie. Hakuna baba aliyehusika.

Kasoro iliyobaki ni ya sabufa yenyewe, ina kile kipengele cha kujizima isiposikia kitu, ukiangalia sinema kwa sauti ndogo usiku inasinzia, inaamka imechelewa, tena kwa kishindo. Nimeiweka kwenye kuwaka muda wote, nazima mwenyewe ukutani nikienda kulala. Na vumbi la huku naifunika kitambaa mchana, upepo wa Dodoma mnaujua.

Sasa niseme jambo litakaloniudhi mimi mwenyewe. Kuna watu ambao ushauri wa yule bwana unawafaa. Kama sabufa yako ni boksi tupu lisilo na amplifaya ndani, kama zile za ukumbini, lazima uongeze amplifaya, hakuna ujanja. Kama una sebule kubwa kochi liko mbali sana na spika, na risiva yako ina pri-auti, ongeza, utaona tofauti, ila soma kalebo ka nyuma na usisome boksi. Hata mimi nikija kubadili risiva nitaangalia. Angeniuliza tu nina nini nyumbani angeweza kuniuzia vitu viwili kwa siku tofauti.

Nilipanga kuandika msikanyage pale kabisa. Lakini nyuma kule stoo kuna kijana, ndiye aliyenibebea sabufa mpaka kwenye bajaji, akaniuliza mimi, si mtoto, mimi, "Mama, waya wa RCA unao mrefu?" Nikamwambia ninao mfupi. Akarudi ndani akaniletea wa mita tano, akanionyesha na swichi ya fezi iko wapi, ile ya kufanya sabufa isukume hewa pamoja na spika nyingine, nijaribu sifuri na 180 nichague inayosikika imejaa zaidi nikiwa nimekaa kwenye kochi. Dakika chache tu. Kwa hiyo mkiingia pale mkakuta mzee mwenyewe yuko kaunta, ondokeni. Mkikuta kijana ndio kashika duka, nunueni, na risiti mdai.