Mtindi au Maziwa ya Soya kwa Mtoto Asiyemudu Laktosi

Mtoto wa miaka miwili anapojaa gesi na kuharisha muda mfupi baada ya kila kikombe cha maziwa freshi, huenda utumbo wake mwembamba hautoi kimeng'enya cha laktesi cha kutosha kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Katika umri huo hali hiyo mara nyingi hufuata ugonjwa wa kuharisha, na huisha utumbo unapopona.

Mtindi ni maziwa yale yale, ila bakteria wanaoyagandisha wamekwisha kugeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, ndiyo sababu ya ule uchachu, na baadhi yao huendelea na kazi hiyo tumboni. Kwa kuwa laktosi haiishi kabisa, mtoto huanzishwa kwa vijiko viwili au vitatu pamoja na ugali au viazi, kisha huongezewa taratibu. Kalsiamu hubaki pale pale, jambo lenye uzito katika umri unaohitaji takriban miligramu 700 kwa siku.

Maziwa ya soya hayana laktosi hata chembe, lakini yale ya kusaga nyumbani yana kalsiamu kidogo mno. Ya dukani yanafaa pale tu pakiti inapoonyesha kwamba imeongezwa.

Mimi ningeanza na mtindi, kwa bei na kwa lishe, isipokuwa mtoto akitoka vipele au akivimba midomo: hapo hushukiwa mzio wa protini ya maziwa, na mtindi usubiri hadi daktari amwone.