Skrini za michoro inayosogea ndani ya treni: uzoefu wangu

Husafiri kwa treni yenye skrini hizi juu ya milango, na nazipa nyota 3 kati ya 5.

Zikipatia, zinapatia kweli. Treni ikikaribia kituo, milango iliyochorwa hufunguka upande ule ule itakapofunguka milango yenyewe, na vitone vinavyowakilisha abiria hushuka kuelekea kwenye ngazi. Nimeona watoto, na wageni wasiojua lugha ya matangazo, wakijisogeza upande unaotakiwa hata kabla treni haijasimama. Hapo mchoro unatembea kwa sababu abiria naye atatembea.

Maelezo ya kubadili treni ndiyo yanayoniumiza kichwa. Mchoro hupita mbio, kisha huanza upya. Ukiinua macho katikati, unaona mshale ukizama kwenye njia ya chini bila kujua umetokea wapi, na ukisubiri uzunguke tena, milango imeshafunguliwa. Mwaka 2002 watafiti Barbara Tversky, Julie Morrison na Mireille Bétrancourt waliandika kwamba mchoro wa namna hii unahitaji mambo mawili: mwendo wake ulandane na jambo unaloeleza, na mtazamaji aweze kuufuatilia akauelewa. La kwanza skrini hizi zinalo. La pili limeachwa kabisa, ilhali picha iliyotulia yenye hatua zote zimepangwa kwa mfuatano ingetosha.

Halafu kuna nembo inayozunguka kwenye kona. Haina habari yoyote, lakini jicho hukimbilia kinachocheza, na taarifa ya treni kuchelewa iliyoandikwa chini yake watu wanaipita. Hili ni kosa kubwa, kwa kuwa taarifa hiyo ndiyo abiria anayoihitaji kuliko zote.

Inawezekana kufanya vizuri. Mjini Taipei, Taiwan, tangu 1999, taa za wavuka barabara zina mtu wa kijani anayetembea, na muda ukikaribia kuisha anaanza kukimbia. Nani asielewe hapo?

Miongozo ya WCAG, inayoeleza jinsi ya kutengeneza kurasa za intaneti ili hata watu wenye ulemavu waweze kuzitumia, inataka kitu kinachojisogeza chenyewe zaidi ya sekunde 5, kando ya maelezo mengine, kiwe na njia ya kusimamishwa. Abiria hana kitufe. Basi mbunifu ausimamishe mchoro mwenyewe, kwenye picha ya mwisho inayoonyesha njia nzima, na auache hapo hadi milango ifungwe.