Poka ya Jumanne baani: dau pauni 5, na baa haili kitu

Kwa Waswahili wa Leicester wanaoniuliza kuhusu ile baa ya jirani yangu yenye poka kila Jumanne: nendeni, ila msiende kutafuta kodi ya nyumba.

Dau ni pauni 5, taslimu, unamkabidhi meneja kabla karata hazijagawiwa. Ukiishiwa umeishiwa, hakuna kuongeza chipu (vile vidude vya kuchezea badala ya pesa) wala kukopeshwa. Mwanzoni nilidhani ni ubahili wake, kumbe ni Sheria ya Kamari ya Uingereza ya mwaka 2005 na kanuni zake. Baa yenye leseni ya pombe inaruhusiwa kuchezesha poka bila kuomba leseni ya kamari, mradi mtu asiweke zaidi ya pauni 5 kwa mchezo, na madau ya baa nzima yasipite pauni 100 kwa siku. Pigeni hesabu: watu 20 tu, basi. Mzee mmoja aliyechelewa ilibidi abaki kaunta na bia yake, anatuchungulia kwa uchungu.

Ninachoipendea zaidi ni kwamba baa hairuhusiwi kukata hata senti. Hakuna ada ya kushiriki, hakuna makato. Zilizowekwa zote zinarudi kwa wachezaji. Kasino ni habari nyingine. Kule kuna leseni ya Tume ya Kamari, hata anayekugawia karata ana leseni yake mwenyewe, na kasino yenyewe inakula: ama inamega kila mzunguko, ama inatoza kwa muda uliokaa. Ni halali kabisa na viwango vimebandikwa. Lakini ukicheza masaa manne kwa madau madogo, yale makato ndiyo mchezaji hodari kuliko wote mezani. Kodi ya ushindi haipo, kasino wala baani, jambo ambalo sisi tuliozoea TRA, watoza kodi wa Tanzania, tunachelewa kuliamini.

Kasoro zipo. Karata zilikuwa zimechoka, ree ya shupaza imekunjika kona na wenyeji wote wanaijua kwa mgongo. Penye pesa hilo si jambo dogo. Nilimwambia meneja, akafungua pakiti mpya bila ubishi, nikampa alama yake. Mgawaji maalumu hamna, mnagawa kwa zamu, na kuna jamaa anachanganya karata kama anasonga ugali wa msibani. Meza ya pili iko mlangoni pa choo. Chakula sikipendekezi.

Aliyekulia kwenye arubastini, ule mchezo wetu wa karata, hatapata shida kukumbuka karata zilizopita mezani. Shida ni mkwara. Mama mmoja mwenye miwani, mpole, ananiita “my love” kila dakika, alipandisha dau kwa chipu zake bila kupepesa macho; nikatupa wafalme wangu wawili, naye akafunua karata zake kwa hiari: hana kitu. (Mama yangu Tanga akisikia, mwambieni nilienda kunywa soda.)

Wenye vijana: chini ya miaka 18 hawakai mezani, na sura changa inaombwa kitambulisho. Mpwa wangu ana miaka 23 na ndevu, bado walimwomba.

Nawapa nyota nne kati ya tano; ya tano imebaki kule chooni. Fikeni mapema kabla nafasi hazijajaa, na mbebe noti, maana kadi meneja hapokei kwa dau.