Uzoefu wangu: Firefox kwenye kompyuta ya steshenari, na madirisha yanayofungwa bila kukusudia

Steshenari ni mahali pabaya kwa dirisha lolote la kompyuta. Mashine moja inashikwa na watu tofauti kutwa nzima: huyu anachapa barua ya kuomba kazi, yule anataka kuprinti cheti alichotumiwa kwa barua pepe, mwingine anajaza fomu ya mkopo wa chuo huku foleni inamhimiza kwa nyuma. Ndiyo maana nikiipima programu sianzi na kasi wala urembo wake. Naangalia mtu akifunga kisichotakiwa kufungwa, inamsaidiaje.

Kwa kipimo hicho Firefox imenifaa kuliko vivinjari vingine, yaani programu za kufungulia tovuti, nilivyowahi kuweka pale.

Kuna binti alikuwa amekaribia kumaliza fomu yake ya mkopo, akataka kushusha dirisha aone namba ya cheti kwenye picha iliyokuwa nyuma. Mausi ikapitiliza hadi pembeni, akabofya, skrini ikabaki na picha tupu. "Kaka, imeondoka yote!" Nikamwambia, "Tulia mdogo wangu, usiguse kitu." Nikabonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Dirisha likarudi na vichupo vyake vyote, yaani kurasa zote zilizokuwa wazi ndani yake. Jina, shule na anwani ya mzazi vipo palepale alipoviandika. Kisanduku cha nywila tu ndicho kilichorudi kitupu, na ndivyo inavyotakiwa. Ilisaidia kwamba dirisha langu jingine lilikuwa wazi. Likifungwa la mwisho, Firefox yenyewe inazima, na hapo unaiwasha upya kisha unaingia kwenye menyu kurudisha kipindi kilichopita. Tena si kila tovuti ina adabu hiyo: zipo ambazo ukurasa unarudi lakini fomu ni nyeupe, au muda wa kuingia umeshaisha na unaambiwa uanze upya.

Aliyezoea Chrome ajihadhari. Kule funguo hizohizo zinafungua dirisha la faragha, lile lisilotunza historia, na cha kurudisha vichupo na madirisha ni Ctrl+Shift+T. Nimeandika kwa kalamu nene kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya skrini, maana vijana wanaonisaidia walikuwa wanachanganya.

Yule binti simlaumu. Katika Windows 3.1 ulifunga dirisha kwa kubofya mara mbili kisanduku cha kona ya kushoto, wakati vitufe vya kushusha na kukuza vilikuwa kulia, mbali kabisa. Ilipokuja Windows 95 ikaleta ile X na kuiweka ubavuni mwa vitufe hivyo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Paul Fitts alishaonyesha kwamba shabaha ikiwa kubwa na karibu, mkono unaifikia upesi. Kona ya skrini ni zaidi ya hapo, kwa sababu mausi haiwezi kuivuka: unairusha tu, inafika. Kitufe chenye madhara kuliko vyote ndicho kimepewa kiti cha mbele. Na ukifunga dirisha la folda pale Windows, Ctrl+Z haikusaidii, ingawa inaweza kurudisha jina la faili ulilobadilisha dakika hiyohiyo. Sijawahi kuelewa mantiki yake.

Wengine dawa yao ni kuuliza. Programu yetu ya stoo, ambayo siitaji, inauliza "Una uhakika?" kwa kila kitu, hata kufunga orodha uliyokuwa unaisoma tu. Matokeo yake kidole kimeshazoea kubonyeza Ndiyo kabla jicho halijasoma. Heri programu isiyouliza kitu ila inatunza. Notepad++, programu ya kuandikia maandishi matupu, iko hivyo: kwa mipangilio yake ya kawaida inanakili ulichoandika kila sekunde 7, unaifunga bila kuhifadhi, kesho unaifungua unakuta rasimu zako zimekaa zinakusubiri. Barua za wateja naanzia humo siku hizi, mapambo ya Word yanakuja baadaye.

Sasa ubaya wa Firefox. Kinachonirudishia mimi kinamrudishia kila mtu. Mteja amefungua barua pepe yake, amefunga kichupo, ameondoka bila kutoka kwenye akaunti. Anayekaa baada yake akibonyeza Ctrl+Shift+T, ambayo hata kwenye Firefox inarudisha kichupo kilichofungwa, anaweza kujikuta ndani ya barua za mwenzake. Dirisha la faragha linaziba hilo, lakini nalo likishafungwa halirudi, kwa hiyo yule binti wa mkopo angelia kweli. Firefox ina kitufe cha kusahau unachoweza kukiweka juu kwenye upau: unachagua dakika 5, saa 2 au saa 24, historia na vidakuzi (kumbukumbu ndogo zinazoachwa na tovuti) vya muda huo vinafutwa. Shida ni kwamba kinafunga pia madirisha yote, yangu yakiwemo.

Nilichofanya ni kutengeneza wasifu wa pili, yaani Firefox nyingine yenye historia na mipangilio yake. Unaandika about:profiles kwenye sehemu ya anwani, unaunda mpya, na Firefox mbili zinakwenda sambamba bila kuchanganya historia. Moja ni ya ofisi. Ya pili ni ya wateja, nimeipa rangi ya chungwa ili isifananishwe na nyingine. Mteja anajaza fomu yake humo kwa raha, dirisha likifungwa tunalirudisha, akishalipa na kuinuka nabonyeza kusahau, kisha namkaribisha anayefuata.